Kilicho Nyuma ya Msumari

Nianze na shukrani, maana wasafiri wengi huiweka mwishoni, wakati msomaji ameshafunga kitabu na kwenda kulala. Namshukuru Bi Mize wa mji mkuu wa Kadiria kwa bakuli la uji, kwa mkeka, na kwa nafasi ya kulala yenye urefu wa mtu mmoja. Mengine yote nitakayosimulia kuhusu nchi ile niliyaona nikiwa nimelala kwenye nafasi hiyo, au nikitoka hapo asubuhi na kurudi jioni.

Sitaeleza nilivyofika. Itoshe kusema kwamba nilifundisha hesabu Muheza hadi nikastaafu, na kwamba kila mwaka kulikuwa na siku moja ambayo niliingia darasani na nanasi. Niliwaambia wanafunzi wahesabu mistari ya macho yake, ile inayopanda kwa kuzunguka, kwanza inayoelekea kulia, kisha inayoelekea kushoto. Mara nyingi walipata minane na kumi na mitatu. Halafu nilichora fimbo ubaoni nikaikata mahali pamoja tu, pale ambapo fimbo nzima ikilinganishwa na kipande kikubwa ni sawa na kipande kikubwa kikilinganishwa na kidogo. Fimbo ya sehemu mia utaikata karibu na sitini na mbili. Huo ndio uwiano wa dhahabu, na ukigawa kumi na tatu kwa nane unaukaribia. Baada ya hapo tulilikata nanasi tukalila, na hata wale walioichukia hesabu walinivumilia siku hiyo.

Kwa hiyo niliposikia kuna nchi ambayo uwiano huo ndio katiba, na kwamba inawaalika walimu wa kigeni, sikulala kwa furaha. Nilijiona naenda nyumbani.

Sheria ya kwanza ya Kadiria inasema: kila kitu kiwe kwa Kipimo. Sheria zinazofuata ni ndefu zaidi kwa sababu zinaeleza kila kitu ni nini. Milango na madirisha hayakunishangaza. Chapati zilinishangaza. Huko ni za mstatili, kwa sababu duara halina upande mrefu wala mfupi, na mpishi anayekutwa na chapati ya duara hunyang'anywa kikaango. Kikombe cha chai hujazwa hadi sehemu ya sitini na mbili, na ukiomba uongezewe, mhudumu anakutazama kana kwamba umeomba kitanda chake. Kwenye mpira wa miguu, mapumziko hayawi katikati. Kipindi cha kwanza ni kirefu na cha pili kifupi, na timu zinazochelewa kuchangamka zote zimeshashuka daraja.

Msibani pia kuna utaratibu. Waombolezaji hulia kwa sehemu kubwa ya muda na kunyamaza kwa sehemu ndogo. Nilimwona mjane akinyamazishwa kwa upole kwa sababu muda wa machozi ulikuwa umekwisha. Aliyemnyamazisha alikuwa shemeji yake, na yeye mwenyewe alikuwa bado analia.

Nilipokewa na Bwana Mwinyikai, Mpimaji wa Wilaya, mtu mpole, mwenye kanzu safi na bikari ya shaba iliyoning'inia shingoni. Alikuwa na tabia ya kujigusa masikio, kama mtu anayehofia kwamba yameongezeka tangu jana. Alinikaribisha ofisini, akanimiminia chai yangu ya sitini na mbili, kisha akanikabidhi msumari wa shaba wenye urefu wa kidole.

"Hii ni heshima ya wageni wa taifa," alisema. "Ni Haki ya Pa Kuanzia. Utautumia mara moja tu."

Nikamwomba anieleze. Akacheka kwa huruma.

"Mwalimu, watu wa nje wanadhani kazi yetu ni kupima. Kupima hata mtoto anaweza. Kazi ni kujua uanzie wapi. Ukianzia panapofaa, hakuna kitu duniani kisichokuwa kwa Kipimo."

Sheria, alinieleza, iko hivi. Raia wa kawaida hupimwa kuanzia pale Idara inapoanzia, naye hana la kusema. Wakubwa wana misumari. Mwenye msumari anachagua pa kuanzia, na kilicho nyuma ya msumari, kisheria, hakipo. Kwenye majengo msumari unapigiliwa ukutani na haung'oki tena. Kwa binadamu wanaugusisha tu kwenye ngozi kisha wanauchukua, na jambo hilo nililiuliza mara mbili ili niwe na uhakika.

Alinipeleka bungeni nikaone matumizi yake. Siku hiyo walikuwa wanajadili kama urefu wa mtu upimwe akiwa na viatu au bila viatu. Mjadala ulikuwa umerithiwa kutoka kwa wabunge wa zamani, na baadhi ya waliokuwemo walikuwa wanaendeleza sentensi zilizoanzwa na baba zao. Kila msemaji anapaswa kufikia hoja yake kuu kwenye sehemu ya sitini na mbili ya muda wake, ndipo kengele inagonga na karani anaandika. Hoja inayotajwa kabla ya kengele haiandikwi. Kwa hiyo wabunge wa Kadiria wamekuwa mabingwa wa kuongea muda mrefu bila kusema kitu, jambo ambalo sikuliona geni sana.

Kwenye kiti cha mbele aliketi mheshimiwa mmoja mwenye tumbo kubwa ajabu. Nilimnong'oneza Bwana Mwinyikai: na tumbo lile nalo ni kwa Kipimo?

"Tumbo gani?" akauliza, na hakuwa anatania. "Msumari wake ulianzia mbavuni kwenda juu."

Mimi sikuja kwa ajili ya bunge. Nilikuja kwa ajili ya Bustani. Nyuma ya ikulu ya Kadiria kuna shamba dogo lililozungushiwa ukuta, ambamo alizeti huota, huchanua na kufa bila kuguswa na mkono wa mtu. Waasisi wa nchi waliamuru hivyo, ili pawepo mahali pamoja ambapo Kipimo kinajionyesha chenyewe. Mlango hufunguliwa siku moja kwa mwaka, na siku hiyo ilikuwa inakaribia. Hata hivyo, haingii mtu ambaye uso wake haujathibitishwa.

Bwana Mwinyikai alinipima hapo hapo, kwa hisani tu, ili nijue hali yangu. Alianza kidevuni, akapanda, akapita pua, akapita nyusi, akasimama.

"Samahani, Mwalimu. Paji lako la uso linaishia wapi?"

Nina kipara tangu ujana. Paji langu la uso linaishia kisogoni. Alizunguka na bikari yake, akarudi mbele, akakaa chini akafikiri. Idara ilikuwa haijawahi kulitolea uamuzi jambo hilo. Mwishowe alisema kwamba kwa njia ya kawaida nisingepita kamwe, ila siku ya Bustani nikifika getini na msumari wangu nikaugusisha utosini, wapimaji watateremka kutoka hapo, na kila kitu kitaenda sawa. Alifurahi kwa niaba yangu. Nami nikaufunga msumari kwenye leso nikautia mfuko wa shati.

Tatizo lilikuwa kwamba, hadi siku hiyo ifike, nilikuwa mtu asiyethibitishwa, na hakuna gesti katika mji ule inayompokea mtu wa aina hiyo. Nilifungiwa milango yote. Mtaa wa tatu au wa nne homa ikanipanda, maana maji yao nilikuwa sijayazoea. Nikaegemea ukuta, nikateleza, nikakaa chini barabarani na begi langu. Watu wenye nyuso zilizothibitishwa walinipita kwa uangalifu. Sisemi walikuwa wabaya. Walikuwa wananipisha kama unavyopisha dimbwi.

Ndipo nikasikia sauti ya mwanamke juu yangu.

"Wewe mzee wa watu, utakaa hapo mpaka uote mizizi? Inuka. Kuna nafasi hapa."

Huyo ndiye Bi Mize. Nyumba yake ilikuwa hatua chache tu mbele yangu, nyumba ya kawaida kabisa, isipokuwa kwa kibaraza chake. Kilikuwa kirefu mno. Kilienda na ukuta wa mbele karibu wote, chini ya paa la makuti, na juu yake walilala watu wasiothibitishwa: waliokuwa wanangoja kupimwa, waliopimwa wakakataliwa, na waliochoka kungoja ila hawakuwa na nauli ya kurudi kwao. Marehemu mumewe alikuwa amekijenga kifupi. Yeye alikuwa akikiongeza kidogo kila mara mtu alipokosa mahali.

Alinipa uji wa mtama wenye ndimu. Alinipaka kitu chenye harufu kali kifuani, akanifunika shuka, na alipoona natetemeka akaongeza la pili, lake mwenyewe. Nililia. Nimeshakuwa babu, sikuona aibu. Katika nchi ambayo kila kitu kilipimwa, bakuli lile lilikuwa limejaa hadi likamwagikia mkekani.

Jirani yangu wa kulala alikuwa kijana mmoja mrefu aitwaye Makungu, mtengenezaji wa ngoma. Alikuwa amenyimwa leseni kwa sababu ngoma yake ilikuwa nene kuliko Kipimo.

"Shikamoo, Mwalimu. Usiniangalie hivyo, ngoma yenyewe nzuri," alisema, akiipapasa pembeni yake. "Nikiipunguza inalia kama sufuria. Nimewaambia waisikilize. Wamesema sikio si chombo cha kupimia."

"Na bado unangoja?"

"Nangoja wazeeke. Mimi ni mdogo kuliko wao."

Homa iliponiachia nilibaki nimelala, natazama. Kila jioni walikuja watu wapya, na kila jioni Bi Mize alifanya jambo lile lile. Hakumwamsha mtu. Hakumsogeza mtu. Alisimama kwenye ngazi akakitazama kibaraza chote, akaona penye nafasi kubwa kuliko zote kati ya waliotangulia, akamwambia mgeni: wewe hapo. Aliyefuata alipata iliyobaki kubwa kuliko zote, na aliyefuata vivyo hivyo. Watu wakajipanga wenyewe, miguu ya huyu ikipita kando ya kichwa cha yule, na hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Jioni ya tatu nilikaa ghafla, nikajipiga paja.

"Umeumwa na nini?" Makungu akauliza.

"Alizeti!" nikasema. "Ndivyo alizeti linavyofanya!"

Akanipa maji ninywe, akidhani homa imerudi.

Haikuwa homa. Alizeti halijui hesabu. Pale katikati ya ua, kila mbegu mpya inapochipuka inakaa penye nafasi kubwa iliyoachwa na wenzake, basi. Inayofuata hivyo hivyo, na inayofuata. Ile mizunguko mizuri tunayoihesabu na kuiandika vitabuni ni alama tu ya mbegu zilizopeana nafasi. Nililifundisha hilo miaka mingi, kwa chaki, bila kulijali sana. Pale kibarazani nililijali, kwa sababu mbegu mojawapo ilikuwa mimi.

Siku mbili baadaye Bwana Mwinyikai alinichukua mashambani kuona ukaguzi wa alizeti. Aliongozana na wapimaji wenye makoti ya manjano. Walipita kati ya mistari, wakihesabu mizunguko ya kila ua, na kila walipokuta ua ambalo hesabu yake haikukubali waliling'oa na kulitupa pembeni. Hayakuwa mengi. Yalikuwa machache, yenye mizunguko iliyokosea kidogo, labda kwa ajili ya mdudu au jua. Baada ya kung'oa walirudi mwanzo, wakahesabu upya, na taarifa ikaandikwa: alizeti yote ya Kadiria, bila hata moja kubaki, ni kwa Kipimo.

"Na haya?" nikaonyesha rundo.

Bwana Mwinyikai aliangalia rundo kwa mshangao wa dhati. "Hayo hayakuwa alizeti, Mwalimu."

Nilikasirika. Namba ile haikuhitaji msaada huo. Ni namba ya kweli, ilikuwepo kabla ya wapimaji, na maua tisini na tano kati ya mia yangeitii bila kuchungwa na mtu. Wao walitaka mia kwa mia, na kwa kuitaka hivyo wakaifanya ionekane ya uongo. Tangu siku hiyo niliitamani Bustani kwa njaa mpya kabisa. Nilitaka kuona, mara moja kabla ya kufa, ua ambalo hakuna mtu aliyelisahihisha, na kulihesabu kwa kidole changu mwenyewe.

Tulipita na gari karibu na rundo lile jioni. Niliomba nipewe vichwa viwili vitatu, nikampelekea Bi Mize. Alizichambua mbegu, nusu akazikaanga, nyingine akaziweka kwenye kopo.

Asubuhi iliyofuata ililetwa amri. Kibaraza cha Bi Mize kimezidi Kipimo cha ukuta wake. Mahakama itakuja kukisikiliza papo hapo, kesho, siku moja kabla ya Bustani, na ikithibitika, sehemu iliyozidi itabomolewa mchana huo huo. Sehemu iliyozidi ilikuwa mwisho wa kibaraza, upande wetu, walipolala watu wa mwisho kufika.

Bi Mize alikaa kwenye ngazi na amri mapajani. Sikuwahi kumwona amekaa mchana.

"Siogopi ukuta," alisema. "Ukuta utabaki. Nitawaambia nini hawa jioni? Nitasimama hapa, mtu anakuja na mtoto mgongoni, namwambia wewe hapo, na hapo hapapo."

Hakulia. Aliinuka akaenda kupika.

Mahakama ilikuja na Hakimu Bi Zamda, mama mwembamba mwenye miwani, na karani, na kengele, na mafundi wawili wenye nyundo waliokaa chini ya mti wa jirani wakila karanga. Niliomba kusema kama mgeni wa taifa. Nikaruhusiwa. Bwana Mwinyikai akanivuta pembeni, akanisihi: "Zungumza la hali ya hewa mpaka kengele, Mwalimu. Tafadhali. Hoja baada ya kengele."

Sikuweza. Nilianza na hoja, kwa sababu nilikuwa nimejaa. Niliwaambia jinsi mbegu inavyokaa penye nafasi. Niliwaambia kwamba Kipimo wanachokiabudu kilizaliwa na ukarimu wa ua kwa mbegu yake ya mwisho, na kwamba katika mji wote ule, mtu pekee anayeishi kwa Kipimo ni huyu mwanamke wanayetaka kumbomolea. Nilipaza sauti. Watu wa kibarazani walipiga makofi. Kalamu ya karani ilikuwa imelala mezani.

Kisha kengele ikagonga, nami sikuwa na jipya. Nikarudia yale yale kwa sauti iliyopasuka, kama chai iliyochemshwa mara ya pili.

Hakimu alivua miwani. Nadhani aliguswa. "Maneno ya Mwalimu yamesikika," alisema. "Hayakuandikwa. Yaliyoandikwa hayakutosha. Mpimaji, endelea."

Bwana Mwinyikai alikunjua utepe wake wa kupimia. Kabla ya kuanza alitamka swali la desturi, lile ambalo katika mitaa ya aina hiyo hakuna anayelijibu: "Je, yupo mwenye Haki ya Pa Kuanzia?" Alilitamka haraka, akiwa ameshainama.

Mkono wangu ulikuwa mfukoni. Nilikuwa nimeushika msumari tangu asubuhi bila kujua.

Bi Mize aliniona. "Mwalimu, usithubutu," alisema kwa sauti ya chini. "Umetoka mbali kwa ajili ya bustani yako. Sisi tulikuwepo kabla hujaja."

"Nipishe kidogo, Bi Mize," nikamwambia, nikasimama. "Mimi ninao."

Wacha niseme kweli: iliniuma. Iliniuma nilipotembea na ikaniuma nilipoinama. Niliona lango la Bustani likifungwa nami sijalifikia bado. Lakini nilikuwa nimekula uji wa mtu huyu, na shuka lake lilikuwa bado mabegani mwangu kwa ajili ya baridi ya asubuhi. Haikuwa hesabu ngumu.

Niliazima utepe. Nilipima ukuta wa mbele, nikaukata kichwani mwangu kwenye sitini na mbili, nikahesabu kurudi nyuma kutoka kwenye ngazi. Palipoangukia palikuwa karibu na mto wangu. Sisemi ni sawasawa na mto wangu, maana nimechoka na watu wanaosema sawasawa. Nikamwomba fundi mmoja nyundo. Alinipa, amejisahau na karanga mdomoni. Nikaupigilia msumari ukutani hadi kichwa kikazama.

"Pa kuanzia ni hapa," nikasema.

Bwana Mwinyikai alipima kuanzia msumarini hadi ngazini. Alipima tena. Niliona mabega yake yakishuka, na kwa mara ya kwanza mikono yake ikasahau masikio.

"Kwa Kipimo," akatangaza, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo hakuifunika vizuri.

"Na kilicho nyuma ya msumari?" aliuliza fundi mwenye nyundo, ambaye alikuwa bado anataka kazi.

Hakimu alivaa miwani, akatazama upande wetu wa kibaraza, ambako watu wasiopungua tisa walikuwa wamekaa wamemkodolea macho.

"Nyuma ya msumari hakuna kitu," alisema. "Mahakama haiwezi kubomoa kisichokuwepo."

Alipoondoka alizunguka mbali ili asikanyage mahali ambapo hapapo. Makungu akampungia mkono kutoka hapo. Hakimu hakumwona, ingawa nadhani alitabasamu. Kisha Makungu akatazama msumari, akatazama ngoma yake, na nikaona wazo likimwingia. Akaivuta nyuma ya msumari, akaipiga.

Sijui niseme nini kuhusu sauti ile. Ilikuwa nene kama ngoma yenyewe, ikapita kwenye nyayo zetu. Ngoma isiyo na leseni, mahali pasipokuwepo, ikipigwa mchana kweupe, na wapimaji walipita barabarani wakitingisha vichwa kwa mapigo yake bila kusikia kitu. Bwana Mwinyikai alibaki nyuma akifunga utepe wake polepole kuliko ilivyohitajika, kisha akaketi kwenye kona, nyuma ya msumari, na Bi Mize akamletea chai iliyojaa hadi ukingoni. Aliinywa yote, macho amefumba.

Siku ya Bustani nilikuwa nimekaa kibarazani. Nilisikia tarumbeta za ikulu zikifungua lango, na baada ya saa kadhaa nikasikia zikilifunga. Bi Mize alikuja akakaa karibu nami na lile kopo la mbegu.

"Hasara yako hiyo," alisema.

"Hasara gani?" nikamjibu. "Wewe ndiye uliyenianza. Nilikuwa nimekaa barabarani."

Bi Mize aliinama mwisho kabisa wa kibaraza, ambapo saruji inaishia na udongo unaanza, akachimba vishimo kwa kidole na kudondosha mbegu za yale maua yaliyong'olewa. "Hapa wakaguzi hawaji," alisema. "Tuone yatafanya nini yakiachwa." Niliondoka kabla hayajaota. Sijui mizunguko yake ilikuwa mingapi, na kila nikiwaza kwamba yapo, yanachanua bila mtu kuyahesabu, nasikia raha ambayo sidhani ningeipata ndani ya ukuta wa ikulu.

Nimesharudi Muheza. Mwezi uliopita nilimwita fundi Shekiondo aje anijengee kibaraza mbele ya nyumba. Ni fundi mzuri, anajua nilikuwa mwalimu wa hesabu, kwa hiyo alikuja amejiandaa, na penseli sikioni.

"Haya, Mwalimu. Urefu gani? Najua wewe utataka kipimo cha kitaalamu."

Nililala chini, hapo hapo kwenye vumbi, na shati langu jeupe. Nikanyoosha miguu.

"Anzia hapa kwenye nyayo zangu," nikamwambia.

Akachora mstari, akacheka, akazunguka hadi kichwani kwangu na kuchora mwingine. "Niishie hapa?"

"Hapana. Acha wazi upande huo."

"Sasa, Mwalimu, kibaraza lazima kiwe na mwisho."

"Kitakuwa nao," nikasema. "Ila mtu wa mwisho bado hajafika."